Jibu: Wateja wa kike wanakakamaa mbele ya kamera, nifanyeje? (Bagamoyo)

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako. Umeanza kazi ya picha hapa Bagamoyo, wasichana na akina mama wanakuja wamependeza, lakini ukinyanyua kamera tu wanakakamaa kama wanapigwa picha ya paspoti. Ukiwaonyesha mapozi uliyohifadhi kwenye simu wanayaiga, na picha inazidi kuonekana ya kulazimisha. Unauliza ujifunze mapozi mangapi, na Jumamosi una binti wa send-off anayetaka kupigwa picha kwenye magofu ya Kaole.

Kwa sasa acha kuyatafuta hayo mapozi. Mpe mteja kazi ndogo ya kufanya, mwili utajipanga wenyewe, wewe ubaki na kurekebisha mawili matatu. Yule dada wa kwenye simu ni modeli, ana kimo chake na gauni lake, na taa zimepangwa kwa ajili yake. Mteja wako akiambiwa amuige anaanza kuwaza mkono uweje, shingo iweje, na mawazo yote hayo yanasomeka usoni.

Kazi zenyewe ni za kawaida kabisa. "Tembea polepole kuja kwangu, ukifika kwenye lile jiwe geuka utazame bahari." "Funga mtandio upya, taratibu." "Kanga imeteleza, irudishe begani." "Mwangalie shangazi yako pale, mwambie neno." Piga wakati anafanya, na usishushe kamera akimaliza. Picha ninazozipenda mimi nyingi huja hapo anapomaliza, maana mabega yameshuka na pumzi imemtoka, na bado hajakumbuka kwamba anapigwa.

Marekebisho yaanzie miguuni. Mtu akisimama na uzito sawa kwenye miguu yote miwili, uso kwa uso na kamera, huonekana mpana na mgumu hata kama ni mwembamba. Mwambie ageuke kidogo upande, aegemee mguu wa nyuma, goti la mbele lilegee. Kwa hilo moja tu kiuno kinapata mkunjo wake na bega moja linashuka bila wewe kutaja kiungo chochote cha mwili wake. Na usivitaje. "Egemea mguu wa nyuma" inatosha. Habari za nyonga na kifua hazina nafasi kati yako na binti wa watu.

Mikono ndiyo inayowasumbua wengi. Ukibanwa ubavuni, mkono hutanuka na kuonekana mnene kuliko ulivyo, kwa hiyo acha upenyo mdogo kati ya mkono na mwili, mwanga upite. Kiganja kikielekea kamera chote kinakuwa kikubwa. Geuza kionekane kwa ubavu, upande wa kidole kidogo. Bibi harusi mwenye hina au piko ni habari nyingine, hapo mgongo wa mkono uonekane wazi maana ameukalia saa nyingi uchorwe. Apandishe pindo la ushungi, au ashike bangili zake, vidole vilegee.

Uso sasa. Mwambie asogeze paji la uso kuja kwako kidogo, halafu ateremshe kidevu kidogo sana. Yeye atahisi anafanya jambo la ajabu, lakini kwenye picha taya linajichora na shingo inatulia. Usimwambie "cheka", atakuonyesha meno tu. Muulize kitu anachokipenda, na usubiri jibu kamera ikiwa tayari.

Na usimguse. Mimi ni mwanamke na bado naomba kwanza: "Dada, naomba niweke sawa huo mtandio?" Wewe kijana wa kiume ndiyo kabisa. Kama kuna nguo ya kurekebisha, mwombe mama yake au shoga yake aliyekuja naye, na kama hakuna mtu, simama mbele yake ufanye wewe kwa mwili wako, akufuate kama kwenye kioo. Kabla hamjaanza muulize mambo mawili: anapenda nini kwenye picha zake, na nini hataki kionekane. Wapo wasiotaka nywele zionekane, wapo wasiotaka mgongo uliobinuka kwa sababu baba ataiona picha, wapo wasiopenda upande mmoja wa uso wao. Wakishajua umesikia, hulegea hata kabla ya picha ya kwanza.

Kwa bibi zetu usipange chochote. Shikamoo, kiti kizuri, akae anavyokaa siku zote, mikono pajani au kwenye mkongojo. Wewe ndiye ushuke: kamera iwe usawa wa macho yake. Kwa wengine wote, picha ya uso iwe usawa wa macho, nusu mwili usawa wa kifua, mwili mzima usawa wa kiuno. Ukimpiga mtu mwili mzima amesimama, kamera ikiwa juu, unamfupisha miguu.

Usimsogelee mno pia. Ukiwa chini ya mita moja na lenzi pana, au na ile kamera ya kawaida ya simu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Rudi kama mita mbili, tumia lenzi ya 85mm au 50mm, na kwa simu vuta mara mbili.

Bagamoyo yenyewe ina tabia zake. Pwani yetu inatazama mashariki, jua linatoka baharini. Anayetaka jua laini la dhahabu usoni aje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kufikia saa mbili na nusu tayari mteja anakunja macho. Jioni jua liko nyuma ya mji, hivyo kuta zinazotazama bahari zinaingia kivulini na anga lote la baharini linamwangaza mtu kwa upole. Hapo ndipo napenda kufanya kazi, kuanzia saa kumi, kwenye zile kuta za matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe. Akikaa barazani akae ukingoni, asijitupe ndani, magoti yaelekee upande mmoja. Kwenye mlango wa nakshi msogeze kidogo kando, mfaa, ule mhimili wa katikati ya mlango, usiote kichwani mwake. Na wenye nyumba waombwe ruhusa, hodi haigharimu kitu. Njia ya miembe ya Misheni ya Kikatoliki (misheni yenyewe ilianzishwa 1868) ina kivuli kizuri, ila majani huacha madoa ya jua na rangi ya kijani kwenye ngozi. Mweke pale kivuli kinapoishia, atazame nje kwenye mwanga.

Upepo nao, uwe wa kaskazi au wa kusi, usishindane nao. Mtandio ukitakiwa kupepea, mteja aelekeze uso upande upepo unakotoka, kitambaa kiende nyuma. Lakini upepo huohuo hulibana buibui mwilini likachora umbo, na wengi hawataki. Huyo mpeleke nyuma ya ukuta. Angalia na mwanga wa kamera pia: buibui jeusi likijaa kwenye fremu, mita, yaani kipima mwanga cha kamera, hudanganyika na uso unaungua kwa mwanga, shela jeupe likijaa uso unakuwa giza. Pima usoni.

Akivaa doti ya kanga, jina la kanga lisomeke. Mara nyingi amelichagua kwa sababu yake, kwa hiyo lisikatwe na mkunjo wa kiwiko. Na ukihariri usigeuze picha kushoto kulia, maandishi yatasomeka kinyume.

Kuhusu Jumamosi. Kaole ni kama kilomita 5 kusini mwa mji. Nenda siku moja kabla, uwaambie wahusika pale getini kwamba ni picha za kazi, wakueleze utaratibu. Yale ni magofu ya misikiti na makaburi, na watu bado huja kuomba dua. Binti asikae juu ya kaburi wala kuegemea nguzo zake, hata kama mwanga umekaa vizuri. Mpeleke kwenye mbuyu mkongwe. Mwambie auzunguke polepole mkono ukipita kwenye gome, na wewe zunguka naye ukiwa umbali wa hatua kadhaa. Mama yake akiwepo, mpige naye kwanza wakiwa wanazungumza; binti atazoea kamera bila kujua.

Mwisho, kabla ya kuweka picha yoyote kwenye ukurasa wako, pata ridhaa yake kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu ni taarifa yake. Muulize binti mwenyewe, asijibiwe na kaka yake. Akikubali baadhi na kukataa nyingine, zile alizozikataa zisionekane popote, hata kwenye status.

Ukiridhiwa, weka mbili tatu hapa wiki ijayo tuzitazame pamoja.