Mnazi wa mita 25: hesabu ya mwendo na chupa kati ya Segera na Tanga

Mgema anayepanda mnazi wa mita 10 kule Pangani hukanyaga kidato kimoja kimoja, mkono umekumbatia shina, kibuyu kiunoni. Hakuna anayempigia kelele kwamba anachelewa, maana kila aliye chini anajua akiteleza itakuwaje. Mchukue sasa mtu huyohuyo umpandishe bodaboda inayokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao mjini Tanga hata haumshtui mtu. Akigonga kitu kisichosogea, kishindo anachokipata ni kilekile cha kudondoka kutoka mita 10. Kwenye kilomita 80 mnazi unakuwa wa mita 25. Kwenye 100 unakaribia mita 40, na mnazi wa urefu huo hujawahi kuuona.

Hesabu yenyewe iko hivi: mwendo ukiwa mara mbili, kishindo kinakuwa mara nne. Kwa hiyo kutoka 80 hadi 100, ambako mshale wa dashibodi unasogea kwa upana wa kidole tu, kishindo kinaongezeka kwa zaidi ya nusu. Mguu hauhisi tofauti hiyo. Gari za siku hizi zinafanya mambo kuwa mabaya zaidi: vioo vimefungwa, muziki unapiga, 110 inaonekana kama 70.

Mita zinazoliwa kabla breki haijashika

Dereva mzima, asiyechoka wala kunywa, huchukua kama sekunde 1 na nusu tangu jicho lione hatari mpaka breki ianze kushika. Kwenye kilomita 80 kwa saa, muda huo unakula mita 33, na gari halijapunguza chochote. Kisha breki nzuri, tairi nzuri na lami kavu vinahitaji mita 36 nyingine. Jumla ni mita 69. Kwenye 50 jumla ni mita 35. Kwenye 100 ni mita 98.

Sasa chukua pale mtoto anapovuka barabara kukimbilia basi na ndoo yake ya machungwa, mita 70 mbele yako, karibu na Muheza. Aliyekuwa kwenye 80 anasimama miguuni pake, roho juu. Aliyekuwa kwenye 100, akikanyaga breki kwa wakati uleule na nguvu zilezile, anamfikia mtoto akiwa bado kwenye karibu kilomita 70. Watu wengi hudhani aliyekuwa na 100 atamgonga "kidogo tu", kwa ile 20 iliyozidi. Sivyo. Mita 42 za kwanza zilimpotea akiwa hajagusa breki, na breki hupunguza mwendo mkubwa polepole kuliko mdogo kwa kila mita inayopita.

Na faida ya kukimbia ni ipi? Segera hadi Tanga ni takribani kilomita 70. Ukienda 80 mfululizo ni dakika 52 na kitu. Ukienda 100 ni dakika 42. Dakika 10 hizo ni za kwenye karatasi, kwa sababu njiani kuna Hale, Muheza, Pongwe, matuta, rasta (vituta vidogovidogo vya kutikisa gari) na malori ya kupishana nayo. Zinazobaki mkononi ukifika stendi ya Kange hazitoshi hata kumaliza kikombe cha chai.

Sheria inataka 50 kwenye makazi, na mabasi na malori ya zaidi ya tani 3.5 yasipite 80. Vibao vya 50 vinalalamikiwa sana, hasa pale ambapo kibao cha kumaliza kimewekwa mbali na nyumba ya mwisho. Malalamiko mengine yana haki. Lakini tabia ya kuwashiana taa kwamba "mbele kuna tochi", yaani kipima mwendo cha polisi, inaokoa shilingi 30,000 za faini na si zaidi. Yule wa machungwa hana tochi.

Usiku hesabu inabadilika. Taa za chini za gari dogo, hasa vioo vyake vikishakuwa vya njano, humulika kama mita 50. Kumbuka ile 69 ya kusimama kwenye kilomita 80. Maana yake ukiwa na 80 kwa taa za chini, chochote utakachokiona tayari umechelewa kukikwepa kwa breki. Na barabara hii ina baiskeli nyingi zisizo na kiakisi nyuma, na malori yaliyoharibika yamesimama nusu yake kwenye lami. Ukipishana na gari lenye taa kali, shuka hadi 60 kabla ya kupishana, wala usisubiri mpaka macho yafifie, na utazame mstari wa kushoto.

Lori likiharibika, matawi ya miti ndiyo pembetatu ya onyo ya watu wengi, basi yatumike vizuri. Utingo huyaweka hatua 10 nyuma ya lori, akarudi kulala chini ya trela. Hatua 10 hazimsaidii mtu. Tawi la kwanza, au pembetatu, liwe mita 100 nyuma, hatua zaidi ya mia za mtu mzima, na kama lori limekwama baada ya kona, liwekwe kabla ya kona. Lori likiondoka, matawi yaondoke nalo. Yakiachwa yanawafundisha madereva kuyapuuza.

Masika ni jambo lingine. Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyomwagika yanakuwa utelezi kabla hayajaoshwa. Kwenye lami iliyolowa, kusimama kutoka 80 kunataka karibu mita 96. Tairi ikiwa kipara inapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Hapo achia mafuta taratibu, shika usukani ulionyooka, breki usiiguse mpaka usikie tairi zimekamata tena. Hivyohivyo tairi ikipasuka. Kinachoua mara nyingi ni ile breki ya ghafla inayofuata mlio, inayolivuta gari upande wa tairi iliyokufa. Na tairi nyingi hupasuka kwa sababu ya upepo mdogo: ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata joto, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo joto linavyozidi. Kipimo cha upepo kipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Pima asubuhi, tairi ikiwa ya baridi. Anayenunua tairi ya mtumba asome tarakimu 4 za mwisho ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira ukawa umekwisha.

Chupa ina uzito gani

Turudi kwa mgema, safari hii kwa kile alichoshuka nacho. Tembo, yaani pombe ya mnazi, likiwa la asubuhi ni tamu, mtoto angelilamba. La jioni limechacha na limekuwa kali, kwa sababu linaendelea kuchemka kibuyuni kutwa nzima. Kikombe ni kilekile, nguvu siyo. Kwa hiyo anayesema "nimezoea vikombe vitatu vya mnazi" hajapima kitu. Gongo ndiyo isiyo na kipimo kabisa.

Bia ya kiwandani angalau inapimika. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa moja hupandisha kiasi cha miligramu 40 katika kila mililita 100 za damu. Kwa mwanamke wa kilo 60 ni karibu 60, kwa kuwa mwili wake una maji machache ya kukizimua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziteremke hadi 50, na 20 kwa madereva vijana. Ukipiga hesabu utaona chupa 2 za harakaharaka zinatosha kumfikisha mwanamume kwenye kikomo, na mwanamke zinampitisha. Kile kichupa cha pombe kali cha mililita 200, chenye asilimia 35, kina gramu 55. Ni bia karibu 3 zilizokaa mfukoni mwa shati. Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku mwaka 2017, ila ukali wa kinywaji haukuondoka na mfuko wake.

Ini huondoa kama miligramu 15 kwa saa, na halipokei amri. Kahawa ya kijiweni na kashata, supu ya pweza, dafu, ndimu, maji ya baridi kichwani: vyote vinaweza kukuamsha, hakuna kinachoharakisha ini. Pipi ya mnanaa nayo ni kazi bure, kwani kipimo cha pumzi husoma hewa ya ndani ya mapafu. Kuchanganya pombe kali na kinywaji cha kuongeza nguvu, au kutafuna mirungi juu yake, ni hatari ya aina yake. Usingizi unajificha, ulevi unabaki, na mtu anaamini yuko sawa.

Wengi hunaswa asubuhi. Harusi ya Chumbageni, mtu ameanza saa 3 usiku, amekunywa bia 6, amelala saa 8. Saa 12 asubuhi ameoga, amepiga mswaki, amekula maandazi na chai, anawasha gari kuelekea Dar. Ukitoa saa 9 za kazi ya ini, bado ana zaidi ya miligramu 100. Atafika sifuri kama saa 7 mchana, wakati ambao kwa mpango wake angekuwa ameshapita Chalinze. Akiulizwa atasema kwa dhati kwamba hajanywa leo.

Pombe haianzi na miguu. Huanza na ile sehemu ya akili inayosema "ngoja kwanza". Miguu bado imara, maneno bado yamenyooka, lakini mtu tayari anaona nafasi ya kulipita lori ambapo haipo, na jicho lililopigwa na taa linachelewa kurudi. Akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, kwenye kilomita 80 amepoteza mita 11 nyingine. Ongeza hizo kwenye 69, kisha ukumbuke kwamba mtu huyo mara nyingi hayuko kwenye 80. Mwendo na chupa vinachota kwenye mfuko mmoja, mfuko wa mita, na kila kimoja kinakupumbaza usione kingine kinachota kiasi gani.

Wanaotoka Lushoto kushuka Mombo wana hesabu yao ya ziada. Ni zaidi ya mita 900 za mteremko, kona juu ya kona. Usiweke frii ili kuokoa mafuta. Weka gia uliyopandia, 2 au 3, injini ikuzuie. Breki ikikanyagwa mfululizo inapata moto, mafuta yake yakiwa ya zamani yana maji ndani na yanachemka, na mguu unazama mpaka chini bila kitu. Harufu ya kuungua ni onyo. Tafuta mahali papana usimame nusu saa, na breki usiimwagie maji. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2 hata kama gari halitembei.

Funguo ziende wapi

Abiria wa basi ana nguvu kuliko anavyodhani. Mabasi yana kifaa cha VTS, cha kufuatilia mwendo wa gari, kinacholia dereva akizidisha, na abiria wote wanakisikia. Anza na konda, kwa upole: "Kaka, mwambie suka apunguze, tuna watoto huku." Mara nyingi mmoja akisema, wanne wanaunga mkono. Ikishindikana piga 112, utaje namba ya gari na eneo mlilopita.

Kwa gari lako mwenyewe, uamuzi ufanyike kabla ya chupa ya kwanza. Baada ya ya tatu, anayeamua si yule aliyeahidi. Kizuri zaidi ni kuliacha gari nyumbani. Ikiwa limekuja, funguo wapewe mtu asiyekunywa na asiyeona haya kukunyima; mama mwenye nyumba hufaa kuliko rafiki wa mezani. Mwambie kwa maneno kamili, na saa ndani yake: "Shemeji, funguo hizi usinirudishie mpaka kesho saa 8 mchana, hata nikikuomba."

Kurudi nyumbani chukua bajaji badala ya bodaboda, kwa sababu mlevi nyuma ya pikipiki huinama upande asiotakiwa na kumwangusha dereva mzima. Kutembea kando ya lami usiku wa manane nako si salama. Gesti ya jirani ni bora. Na namba ya mwenye bajaji iandike kwenye karatasi mapema, maana simu huisha chaji saa ileile unapoihitaji.