Kabla hujambadilisha mtoto namba: kwa mwalimu mpya wa hoki

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa kwenye mwaka wangu wa pili wa kufundisha hoki ya wasichana huku Magharibi mwa Kenya, nilisimama kando ya uwanja nikasoma kikosi. Nilipofika kwa straika wangu, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa ametufungia karibu kila mechi ya muhula ule, nilisema, "Wewe leo beki wa kushoto," nikaendelea na jina lililofuata. Beki wangu alikuwa ameteguka kifundo cha mguu Alhamisi. Kichwani hesabu yangu ilikuwa imekamilika: huyu ana mbio, ana mwili, hana woga. Hata neno moja la hesabu hiyo sikumwambia.

Winga wa kulia wa wapinzani alimpita mara tatu, zote upande uleule. Wakati wa mapumziko nilimfokea mbele ya wenzake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaweka gongo chini. Hakulitupa. Alilaza gongo taratibu kando ya jerikeni la maji, akaenda kukaa ndani ya basi la shule, na kipindi cha pili tukacheza bila yeye.

Nakuandikia wewe uliyekabidhiwa timu mwaka huu, pengine kwa sababu mwalimu mkuu alisikia uliwahi kushika gongo ukiwa chuoni. Utawahamisha watoto namba, hilo halina budi. Mmoja ataumia, mwingine atarefuka ghafla likizoni arudi mtu mwingine, mwingine utaona ana jicho la pasi linalopotea pale mbele. Ugomvi mwingi utakaokuwa nao na wachezaji wako utatokana na jambo hilihili. Mimi nililaumu kiburi cha yule msichana kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu nilichukua gongo nikaenda kusimama peke yangu pale aliposimama yeye, ndipo nikaelewa nilichomfanyia.

Tazama hivi. Gongo la hoki lina upande mmoja bapa na upande mmoja wa mviringo, na sheria hairuhusu kuucheza mpira kwa ule wa mviringo. Gongo la mashoto halipo. Kwa hiyo kila mchezaji duniani huukokota mpira upande wake wa kulia, na anapokujia uso kwa uso, mpira uko upande wako wa kushoto, ambako gongo lako ni dhaifu. Beki wa kulia ana nafuu: akimsukumia mshambuliaji nje kuelekea mstari wa pembeni, anampeleka kwenye mkono wake wenye nguvu. Beki wa kushoto hana nafuu hiyo. Nje kwake ni kushoto. Akitaka kukaba kwa uso wa gongo lazima azungushe miguu haraka amwahi mtu, la sivyo ageuze gongo na kunyoosha mkono mmoja, jambo ambalo straika hana sababu ya kulifanyia mazoezi. Akimwachia mshambuliaji aingie ndani ili amkabe kwa kulia, amemfungulia njia ya goli. Nafikiri hakuna namba ngumu kuliko hiyo kwa mtoto aliyekuwa mbele, na mimi nilimpa asubuhi ya mechi, kwa sentensi moja.

Ongeza na mazoea ya mwili. Straika tumemfundisha kuufuata mpira, kuurukia, kuwahi. Beki akiurukia mpira amekwisha; kazi yake ni kurudi nyuma kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa, gongo liko chini, akisubiri mwenzake akosee. Unamwomba mtoto asahau kitu kilekile ulichomsifia muhula mzima, kisha unashangaa amenuna.

Kuna na la kuotea. Wengi wa watoto wetu walianzia kwenye soka, na beki wa soka huamini kwamba akipanda mbele amemwacha mshambuliaji kwenye mtego. Katika hoki sheria ya kuotea iliondolewa miaka ya 1990. Mshambuliaji anaweza kusimama pembeni mwa kipa wako dakika zote na mwamuzi asipulize. Mtoto unayemrudisha nyuma mwambie hili siku ya kwanza kabisa, na umzoeshe kugeuza shingo kila mpira unapotoka nje.

Sasa namna ya kumhamisha. Mwite peke yake, mapema, si siku ya mechi. Wiki mbili nikizipata nazichukua zote. Usiseme "timu inakuhitaji" ukaishia hapo, kwa maana mtoto husikia "wewe hukuhitajiki ulipokuwa". Mwambie ulichokiona kwake kwa macho yako: "Jumanne ulikimbia kutoka katikati ukamwahi yule winga kabla hajafika kwenye D, ile nusu duara iliyo mbele ya goli. Katika timu hii hakuna mwingine anayeweza hilo." Mwambie pia ni kwa muda gani, na hapo usidanganye. Ukisema mechi tatu, ziwe tatu. Nimeona mtoto akivumilia namba asiyoipenda muhula mzima kwa sababu aliambiwa ukweli. Mwingine aliacha hoki kabisa baada ya "mechi moja tu" kugeuka kumi na moja.

Halafu mpe nafasi ya kukujibu. Hapa ndipo sisi walimu tunaposhindwa, kwa kuwa tumelelewa kwamba mtoto anayemjibu mwalimu hana adabu. Yule msichana aliponijia Jumatatu, nilimuuliza kilichomuuma zaidi nikidhani atasema ni makelele yangu. Alisema, "Mwalimu, ulinisoma kama jina tu." Nilikaa kimya. Hakuwa amekosa adabu hata kidogo.

Watoto wetu huchukua ubeki kama adhabu, na sisi tumechangia, maana kila tunaposimulia mechi tunataja wafungaji. Mimi siku hizi nawasimulia habari za Avtar Singh Sohal, waliyemwita Tari. Alikuwa beki, akawa nahodha wa Kenya, akacheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972. Kenya ilimaliza ya sita Tokyo mwaka 1964, na kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ikawa ya nne. Msichana wa kidato cha pili akisikia kwamba nahodha wa timu ile alikuwa beki, huwa ananyoosha mgongo kidogo. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Jaribio lenyewe lifanye taratibu, na hoki inakusaidia kwa hilo. Unaweza kubadilisha wachezaji mara nyingi utakavyo, na aliyetoka anaruhusiwa kurudi. Mwingize beki wako mpya dakika tano mnapoongoza, mtoe, keti naye kwenye benchi, mwonyeshe kwa kidole mahali alipopaswa kusimama, mrudishe. Dakika tano tano za namna hiyo zinafundisha kuliko mechi nzima ya kuzama. Hakikisha tu amesikia pongezi kabla ya kusikia kosa.

Kwenye mazoezi mimi hufanya zoezi moja tu kwa beki mpya wa kushoto: naweka koni mbili karibu na mstari wa pembeni, winga anakuja na mpira kwa mwendo wa kutembea, na beki haruhusiwi kuugusa mpira. Kazi yake ni kuzungusha miguu mpaka bega lake la kulia liwe kati ya winga na goli. Siku ya tatu winga anakimbia. Siku ya nne ndipo gongo linaruhusiwa. Watoto hulalamika kwamba ni zoezi la kuchosha. Waache walalamike.

Kama uwanja wenu ni wa nyasi kama wetu, wenye vichuguu na mashimo ya fuko, kumbuka mpira huruka, na beki anayejifunza hapo huzoea kungoja mpira umfikie kwa kuchelewa. Timu ikibahatika kwenda kucheza kwenye nyasi bandia kama za City Park pale Nairobi, mpira utamfikia kabla hajajiweka sawa. Usimpe mtoto namba mpya kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Namba moja usimlazimishe mtu kamwe: kipa. Kipa akikosekana, omba wa kujitolea. Asipopatikana, fikiria kucheza na wachezaji wa uwanjani pekee, bila kipa, sheria inaruhusu, hata mkifungwa. Mpira wa hoki ni mgumu kama jiwe, na kwenye kona fupi, yaani kona ya adhabu, ni watu watano tu wa timu inayolinda, kipa akiwa mmoja wao, wanaosimama nyuma ya mstari wa goli kuusubiri. Wenzao wengine wote wako ng'ambo ya mstari wa katikati. Mtoto aliyevalishwa kofia na pedi zinazompwaya, asiyetaka kuwa pale, atafumba macho. Akifumba macho ataumia, na utakuwa wewe uliyemuumiza. Hata yule wa kwanza kukimbia nje wakati wa kona fupi mchague kati ya wanaotaka, na mvalishe barakoa ya uso.

Wazazi nao watapiga simu. Baba yake yule msichana alinipigia Jumapili usiku, akataka kujua kwa nini binti yake "ameshushwa". Nilikasirika, kisha nikagundua kwamba alirudia tu neno alilolisikia kwa mwanawe, na mwanawe hakuwa na neno lingine kwa sababu mimi sikumpa. Siku hizi nikimhamisha mchezaji namweleza kwa ufasaha kiasi kwamba akienda nyumbani aweze kumweleza mama yake.

Na ukikosea, omba radhi palepale ulipokosea. Mimi kwanza niliomba ofisini, tukiwa wawili, mlango umefungwa. Alisema, "Nimekusamehe, Mwalimu," ila macho yalibaki sakafuni, na mazoezini wiki ile wenzake waliendelea kunitazama kwa chati. Nilikuwa nimemfokea mbele ya wasichana kumi na watano. Ijumaa jioni, kabla ya mazoezi, niliwakusanya palepale kando ya jerikeni la maji, nikasema nilimpa mwenzao namba ngumu bila kumfundisha, kisha nikamfokea kwa kushindwa kitu nilichopaswa kumfundisha mimi, na kwamba hiyo ilikuwa dhuluma. Hakuna aliyepiga makofi. Nahodha alikuwa akichora kitu mchangani kwa ncha ya gongo. Baada ya kimya kirefu yule msichana akavuta soksi zake juu, akaokota koni mbili, akauliza, "Tuziweke upande wa kushoto?"