Fundi Anajibu: Bawa linalopinda kinyume, boti iliyokataa kusimama

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Dodoma. Pamoja na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu tumetengeneza ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio, ya bawa tupu, isiyo na mkia, kwa lile povu gumu linalofungiwa televisheni. Tuna transmita (redio ya mkononi) ya FlySky FS-i6 na risiva yake ya chaneli sita, yaani kipokezi kinachokaa ndani ya ndege na kupokea amri sita tofauti. Tukivuta kijiti ili pua ipande, kibawa kimoja cha nyuma kinapanda na kingine kinashuka. Tukirekebisha kwenye menyu, tukizima na kuwasha mambo yanarudi vilevile. Tumekwama.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kabla ya lolote, fungua propela uiweke mbali. Mota ikishtuka juu ya meza iliyozungukwa na wanafunzi, hata propela ndogo inakata kidole vibaya.

Nianze na jepesi. Kwenye FS-i6, ukibonyeza CANCEL haraka unatoka bila kuhifadhi kitu. Bonyeza, shikilia mpaka skrini irudi nyuma yenyewe, hapo imehifadhi.

Sasa bawa. Ndege yenye mkia ina kibawa cha kupandisha pua na vingine vya kulaza ubavu, kila kazi na chaneli yake. Yenu ina vibawa viwili tu vinavyofanya kazi zote mbili, kwa hiyo transmita lazima ichanganye chaneli ya 1 na ya 2. Washa mchanganyiko unaoitwa Elevon, chomeka servo (kimota kinachosogeza kibawa) moja kwenye chaneli ya 1 na nyingine kwenye ya 2. Waya wa kidhibiti cha mota unakaa kwenye ya 3.

Msikimbilie bado Reverse, menyu ya kugeuza mwelekeo wa servo. Hapa ndipo naona watu wengi wakiharibu: wanatumia skrini kurekebisha kitu ambacho bisibisi ingemaliza. Servo husikiliza mapigo ya umeme. Pigo la mikrosekunde 1500 ni katikati, na mwendo wa kawaida ni kati ya 1000 na 2000. Servo ikiwa imefungwa kombo halafu ukainyoosha kwa kusogeza katikati yake kwenye menyu, umekula mwendo wa upande mmoja. Siku ndege imelala na unahitaji kibawa kiinuke mpaka mwisho, hakifiki.

Basi fanyeni hivi. Rudisheni trimu zote (vile vitufe vya marekebisho madogo kando ya vijiti) sifuri, washeni transmita kisha ndege, acheni vijiti katikati. Chomoeni mikono ya servo, mrudishe kila mmoja ukiwa wima kadiri meno ya ekseli yanavyoruhusu. Kisha rekebisheni urefu wa vifimbo vya waya mpaka vibawa vyote viwili vilingane, vikiwa vimeinuka milimita chache juu ya mstari wa bawa. Huko kuinuka msikuondoe. Ndege isiyo na mkia inakuhitaji ili isiiname pua ikiruka. Ikibaki tofauti ndogo, hiyo ndiyo ya kumalizia na Subtrim, menyu ya kusogeza katikati ya servo.

Ndipo mje kwenye mwelekeo, na mmoja wenu asimame nyuma ya ndege, akiangalia inakoelekea. Vuta kijiti cha kulia kuja kwako: vibawa vyote viwili viinuke. Kimoja kikishuka, geuza chaneli yake kwa Reverse. Vyote vikishuka, geuza zote mbili. Hilo likikaa sawa, sukuma kijiti kulia: kibawa cha kulia kipande, cha kushoto kishuke. Ikiwa ni kinyume, badilisheni plagi za 1 na 2 kwenye risiva, kisha rudieni jaribio la kwanza, kwa sababu servo zilizofungwa kwa kutazamana huweza kugeuka tena. Nasema kwa mujibu wa transmita yenye kijiti cha gesi (cha kasi ya mota) upande wa kushoto, inayouzwa kwa jina la Mode 2. Kama yenu ina gesi kulia, kuvuta pua kuko kwenye kijiti cha kushoto.

Mwisho ni ukubwa wa mwendo wa vibawa. Anzeni na mdogo. Mkitaka kulainisha kijiti karibu na katikati kwa Expo, msifuate namba za rafiki mwenye redio nyingine: kwenye Futaba namba hasi ndiyo hulainisha, kwenye Spektrum ni chanya. Angalieni mchoro wa skrini. Mstari ukilala karibu na katikati, mko sawa.

Na mwalimu, uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini kabisa. Wasiliana na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya siku ya kurusha, na utafute uwanja mbali na njia ya ndege. Nakuomba sana.

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Nina boti ya umeme, naiendesha kwenye mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa. Juzi betri za transmita ziliisha, boti ikaendelea na mwendo wake mpaka ikagonga mtumbwi wa mvuvi. Nilidhani redio ikizimika na mota inazimika.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Si lazima. Risiva nyingine zikipoteza mawimbi hushikilia amri ya mwisho zilizosikia. Tafuta menyu ya Failsafe, yaani amri ambazo risiva itafuata ikipoteza mawimbi, chagua chaneli ya mota, na uihifadhi gesi ikiwa chini kabisa. Usukani uuache umekunjwa kidogo, ili boti izunguke palepale badala ya kushika njia ya kwenda Nyali.

Kisha ithibitishe. Inua boti itoke majini, washa mota polepole, zima transmita kwa makusudi. Mota isiposimama, boti haishuki majini siku hiyo. Jaribio hili nalitaka kwa kila chombo, kila mara unapobadilisha risiva au kuiunganisha upya.

Tena, angalia antena. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapenyi maji, ya chumvi ndiyo kabisa. Kama risiva imelala chini kwenye sakafu ya boti, ipandishe, ncha ya antena isimame juu ya usawa wa maji. Na mvuvi yule, kamuone.

SWALI: Fundi, mjomba ameniletea kutoka Muscat redio ya zamani yenye antena ndefu ya kuvuta na kikristali (kipande kinachopanga mawimbi ya redio) cha megahezi 35. Inaweza kuungana na risiva mpya ya 2.4? Niko Unguja.

JIBU: Haiwezi, mwanangu. Inataka risiva ya megahezi 35 yenye kristali ya namba ileile, na antena ivutwe yote. Enzi hizo watu wawili wenye namba moja hawakuweza kurusha pamoja. Klabu ziliweka ubao wenye vibanio vya namba, na asiye na kibanio hakuwasha redio. Itunze. Kwa kurusha, nunua transmita mpya ya chaneli sita. Hizo zinakutosha miaka mingi, asikuuzie mtu kumi na sita.