Mwache mumeo na ufunguo wake

Barua imetoka Masasi. Mwandishi ana miaka 34, ndoa ya miaka 11, watoto watatu. Ni ndefu, nimeifupisha:

"Shangazi, shikamoo. Nina sonona, ndivyo walivyosema hospitali. Nimeokoka na naamini Yesu ataniponya, ila mume wangu hana imani. Dawa zangu anazifungia sandukuni, ufunguo anauvaa shingoni, kila usiku ananitolea kidonge kama mtoto na kunisimamia mpaka nimeze. Mama mkwe amehamia kwetu tangu lile la Julai, analala chumbani kwangu, hata chooni ananifuata. Kwenye mkesha mtumishi alisema kumeza vidonge ni kumwambia Mungu hatoshi, basi hii ni wiki ya tatu navificha chini ya ulimi, nikitoka natema. Sasa wamenikataza mkesha. Nikiomba peke yangu naona naongea na bati. Nipate wapi ujasiri wa kuwashinda watu wa nyumba yangu?"

Marahaba, mwanangu. Pole. Sonona si uvivu wala si kudeka, na aliyeipitia hamwombei hata adui yake. Pole yangu inaishia hapo, sasa tuzungumze.

Umeniandikia kurasa tatu. Mume amepata ukurasa mzima wa lawama, mama mkwe ukurasa na robo, mtumishi kapata sifa zake. Lile la Julai limepata maneno matatu: "lile la Julai". Mimi nimefunda wali tangu mama yako hajaolewa, najua mtu akiruka jambo ndipo jambo lilipo. Mke hafungiwi vidonge sandukuni kwa kuwa mumewe hana imani, na bibi kizee haachi nyumba yake aje kulala na mkamwana kwa kuwa anapenda umbea. Julai ulitaka kufa, na hao wawili ndio waliokukuta. Kama nimekosea, niandikie unisute.

Hebu isome tena barua yako ukiwa na hilo kichwani. Umeandika kwamba mumeo "siku hizi hata shambani hakai, saa sita yuko nyumbani ananichungulia". Mwanangu, huu ni msimu! Korosho zinadondoka, zisipookotwa zinaokotwa na wengine, na mwanamume anaacha mikorosho yake aje kutazama kama mke anapumua. Huku kwetu unawajua wanaume wa msimu. Mnada wa kwanza ukilipa wananunua pikipiki, wa pili wanaoa mke mdogo, na mvua zikianza wa kwanza anaitwa mgonjwa, arudi kwao akauguzwe na wajomba zake. Wa kwako kavaa ufunguo shingoni. Kanisani aliapa katika magonjwa na afya, naye anatekeleza. Sema ninyi wake wa siku hizi mapenzi mmefundishwa na tamthilia, mume asipotuma mashairi na maua kwenye simu basi hakupendi. Akihesabu vidonge usiku kwa taa ya simu, huyo ni askari jela. Ndoa nyingi zinavunjika hivi, watu wanapendwa na hawajui kuwa wanapendwa, kwa sababu upendo umekuja umevaa kandambili.

Huyo mtumishi sitamaliza wino juu yake. Umemsifu hadi miwani yake ya dhahabu. Muulize mbona macho yake hakumwachia Mungu. Luka aliyeandika Injili, Paulo alimwita tabibu mpendwa, hakumwambia atupe dawa kwanza ndipo aandike. Na hapo Ndanda, njia unayopita ukienda Mtwara, Wabenediktini walifika mwaka 1906, na mpaka leo abasia na hospitali ni majirani. Anayekuambia uchague kimoja kati ya Mungu na kidonge, hiyo dini kaitoa kwingine.

Unataka ujasiri wa Kikristo. Fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya, nabii aliyeshusha moto kutoka mbinguni, anakaa chini ya mretemu na kumwambia Mungu imetosha, itoe roho yangu. Maneno hayo hayo, na nadhani unayajua. Mungu hakumkemea kwamba imani yake ndogo, wala hakumwitisha mkesha. Alimwacha alale. Malaika akaja na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamgusa, akamwambia inuka ule. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile, na mahubiri hakuna. Sasa umenilalamikia kwamba mama mkwe "kila asubuhi ananiletea ming'oko ya kuchemsha na chumvi, hata kama sina hamu, anakaa hapo hapo mpaka nile". Ming'oko haijichimbui, mwanangu. Bibi wa umri ule anaingia porini, anapiga magoti, anafukua ardhi kavu kama tofali. Wewe unamtafuta malaika kwenye spika za mkesha!

Na hilo la kuongea na bati, usilione dhambi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna shangwe ya mwisho kama zaburi nyingine. Hata hivyo imeachwa ndani ya Biblia, na watu wanaisali. Siku huna maneno, isome hiyo, ukishindwa kusoma mpe mumeo akusomee, ndiyo imani yake utaiona.

Vidonge vya sonona havifanyi kazi kama panadoli. Vinachukua wiki mbili, nne, wengine zaidi, ndipo mtu anaona pamepambazuka kidogo. Mdomo unakauka, usingizi unakuzidi, hayo unamwambia daktari akubadilishie, hutemi. Na hata ukijiona mzima, kwa kawaida mtu huendelea miezi sita au zaidi, tena anayeamua kuacha ni daktari na wewe, taratibu. Wewe umekata ghafla, na umeniandikia kwamba tangu wiki iliyopita hulali na umeanza "kugawa vitenge vyangu vizuri kwa wadogo zangu". Sentensi hiyo umeipitisha haraka. Mimi imenitoa jasho.

Basi nakuuliza bila kuzunguka: mawazo ya Julai yamerudi? Kama yamerudi, hii barua iweke chini sasa hivi, mwite mumeo hata kama yuko mikoroshoni, mwambie neno hilo hilo, na mwende hospitali leo, msingoje kliniki ya mwezi ujao. Usiku ukikukuta, mwamshe. Kama hayajarudi, leo kabla hajafungua sanduku mwambie kwamba ulikuwa unatema. Atakasirika, mwache akasirike. Usimeze vingi kufidia ulivyotema, kesho mwende wote wawili mkamwambie muuguzi ukweli wakuanzishie upya. Kanisani kwenu pia nenda, Jumapili, mchana, na mama mkwe pembeni yako. Mchungaji wa parokia mwambie unaumwa nini, usimfiche.

Wale wadogo zako warudishe vitenge. Waambie dada yao anavihitaji Krismasi.