Maswali yenu: kusoma na kubadilisha maandishi ya ukurasa kwa JavaScript

Msomaji wa Birere, Goma: Nataka kubadilisha bei ya mfuko wa makala (mkaa) kwa querySelector("#bei"), lakini kivinjari kinasema ni null (hakuna kitu).

Msimbo wako unatekelezwa kabla elementi hiyo (sehemu ya ukurasa yenye bei) haijakuwepo. Ongeza neno defer kwenye tagi ya script inayoita faili lako, ili msimbo usubiri ukurasa usomwe wote. Swali hili hunifikia mara kwa mara. Tafadhalini, someni konsoli (sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa) kabla ya kuniandikia, kwani hutaja hadi mstari wenye kosa.

Msomaji wa Kadutu, Bukavu: Mteja anajaza franga 5000 za unga na 3000 za maharagi, jumla inatoka 50003000.

Kinachosomwa kwa value ni maandishi siku zote, hata kisanduku kiwe cha namba, na alama ya kujumlisha huyaunganisha tu. Pitisha kila kimoja kwenye Number(). Jihadhari pia na kisanduku kitupu, kwani Number() hukigeuza 0, na mteja atapewa jumla pungufu bila yeyote kuonywa.

Mwuza vitenge, Lubumbashi: Naongeza maoni ya wateja kwa innerHTML +=. Kila yanapoingia mapya, vitufe vya maoni ya zamani vinaacha kufanya kazi.

Ni kwa sababu mstari huo hauongezi chochote: unageuza yote yaliyomo kuwa maandishi, unayafuta, kisha unayajenga upya, na vitufe vipya havina addEventListener (amri ya kusikiliza mbofyo) uliyovifungia vile vya kwanza. Tumia createElement kuunda elementi mpya na append kuiongeza bila kugusa zilizopo.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kwamba maneno ya mgeni unayatekeleza kama HTML. Wengi hujifariji kwamba tagi ya script iliyoingizwa kwa innerHTML haitekelezwi, jambo ambalo ni kweli; hata hivyo mtu akiandika <img src=x onerror="…">, picha itashindwa kupatikana na msimbo wake utaendeshwa katika kivinjari cha kila anayesoma maoni hayo. Msimbo huo unaweza kubadilisha namba ya simu ambayo wateja wako huilipia, nawe usijue mpaka pesa zipotee. Maneno yoyote yaliyoandikwa na mtu mwingine, hata yakitoka kwenye hifadhidata yako mwenyewe, yawekwe kwa textContent, ambayo huyaonyesha kama maandishi tu, si HTML.

Msomaji wa Himbi, Goma: Nichague textContent au innerText?

textContent. innerText inafaa pale tu unapohitaji maandishi yanayoonekana kwa macho, kwa kuwa huzingatia CSS (kanuni za mwonekano wa ukurasa) na huweza kukilazimisha kivinjari kupanga ukurasa upya. Usiiweke ndani ya kitanzi (msimbo unaojirudia, loop).