Mama mkwe anasema unene ni afya

SWALI: Mama mkunga, jambo. Nakaa Kadutu, hapa Bukavu. Nina miaka 31, urefu sentimita 158, kilo 84. Mimba ya kwanza niliianza na kilo 66, nikajifungua salama. Sasa tunataka mtoto wa pili, na muuguzi mmoja kaniambia nikibeba mimba hivi nitakufa kitandani. Mama mkwe anasema unene ni afya. Nimsikilize nani?

JIBU: Binti yangu, hakuna mwanamke anayestahili kuambiwa maneno kama hayo. Pole sana.

Lakini uzito wako tuuzungumze. Kwa urefu huo, kilo 84 zinakupa kipimo cha uzito kwa urefu (BMI) cha kama 33.6, na waganga wanahesabu unene wa kupita kiasi kuanzia 30. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti walichunguza uzazi wa wanawake zaidi ya 740,000, mwaka 2004 hadi 2013. Kwa kila wanawake 10,000 walioanza mimba na uzito wa kawaida, kama 143 walipatwa na matatizo mazito au kufariki. Wenye unene wa kiwango chako: 168. Na wembamba kupita kiasi? 172. Kwa hiyo usijikondeshe ovyo!

Tofauti ni ndogo, ila hesabu hiyo ni ya kule. Mimi nimeona mama akiteremshwa mlima wa Kadutu usiku kwa pikipiki, damu inamtoka. Ndiyo maana nataka ujitayarishe mapema.

Kabla ya kubeba, pima sukari na presha. Ukipunguza kilo 4 hadi 8 polepole, inatosha kwa kuanzia: tonge la bugali lipungue, mawese kwenye sombe (majani ya muhogo) yapungue, soda uache. Samaki wadogo wa sambaza na maharagwe, endelea navyo. Mimba ikishaingia, usijaribu tena kukonda.

Kliniki nayo uianze mapema, na siku ya kupimwa presha angalia ule mkanda wa mkononi. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, unasoma juu kuliko ukweli, omba mkubwa. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba ghafla, usingoje asubuhi. Hicho chaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja, na mama mkwe awe wa kwanza kukusindikiza.