Kabla hujanunua RAM, angalia nani anaamka na kompyuta yako

Baridi ya Julai hapa Mbeya haina mchezo, na mteja aliyesimama nje mikono kwapani hana subira. "Kaka, hiyo mashine inawaka au inachemsha maharage?" aliniuliza mama mmoja pale steshenari kwangu, Kabwe. Alikuja kutoa kopi ya cheti cha mwanawe. Nilikuwa nimeshafagia na kupanga rimu zote, kioo bado kinazungusha vidoti.

Fundi alisema ninunue RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta. Pengine ingesaidia, ila hela ya RAM ndiyo hela ya wino. Nikachungulia mwenyewe kwanza.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazotembea. Kwenye Windows 10 ikija ndogo, bonyeza More details kisha Startup. Windows 11 utaikuta kushoto, Startup apps. Kama bado uko Windows 7, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msconfig, kisha fungua Startup. Humo mna kila kinachojiwasha chenyewe, au karibu kila. Mimi nilikuta Skype, Spotify (dukani!) na programu mbili za printa niliyokwisha iuza. Safu ya Startup impact inakuonyesha mzito ni nani. Bofya kulia, chagua Disable (Windows 7 unaondoa tiki tu). Hujafuta kitu, ukijuta unarudi na Enable. Nami nilijuta: nilizima programu ya skana, kesho yake kitufe cha kuskani kikawa pambo. Antivirusi usiiguse.

Kompyuta ikachangamka, lakini kila fleshi ya mteja niliyochomeka, folda zake ziligeuka njia za mkato. Mwanafunzi mmoja nusura alie, akidhani ripoti yake ya fildi imepotea. Kumbe kwenye ile orodha kulikuwa na kitu kinaitwa Windows Based Script Host, mtengenezaji Microsoft Corporation. Nilikipita kwa heshima. Nani amguse mwenye nyumba?

Hapo ndipo nilipopigwa chenga. Programu hiyo ni ya Microsoft kweli, ila kazi yake ni kuendesha faili lolote la skripti, yaani orodha ya amri, inalopewa. Bofya kulia juu ya vichwa vya safu, weka tiki kwenye Command line, uone imepewa nini. Yangu ilikuwa imepewa faili lenye jina la ovyoovyo, mwisho .vbs, limejificha ndani ya AppData, folda ambayo programu huwekea vitu vyake. Hicho ndicho kirusi kilichokuwa kinaficha folda za wateja. Nikalifuta, likarudi. Ukifuta wakati wscript.exe (ndiyo ile Windows Based Script Host) bado inatembea, unajichosha. Izime kwanza kwenye Processes au Details, ndipo ufute, halafu uzime na kule Startup.

Fleshi ya kijana nayo tuliisafisha. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kisha kufichua folda andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya fleshi yako. Folda zikajitokeza moja moja, ripoti ikiwemo. Zile njia za mkato ukazifute, na usizibofye hata kwa udadisi.

Ukiona kitu bado kinajiwasha na Task Manager haikionyeshi, andika shell:startup pale kwenye Windows na R, au chungulia Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kazi zinazojiendesha. Kwa wabishi zaidi kuna Autoruns, programu ya kuonyesha vyote vinavyojiwasha, ya bure, ya Microsoft wenyewe. Orodha yake ni ndefu mno, kwa hiyo ondoa tiki tu, usifute, na usichokijua kiache kilivyo mpaka umeulizia.